Lenzi moja ya kwenda nayo Istanbul: kwanza tujue kwa nini picha za harusi zilitikisika

SWALI: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 24, naishi Dar. Mwezi wa kumi na mbili nasafiri na shangazi kwenda Istanbul kwa siku tisa. Yeye anafuata mzigo wa nguo Laleli, mimi namsaidia, na siku tatu za mwisho tutatembea. Nina Canon EOS 250D niliyoinunua mkononi kwa mtu, pamoja na lenzi yake ya 18-55. Nimetenga laki sita za lenzi, na nataka kubeba moja tu maana mabegi yatakuwa na mambo mengine. Napenda kupiga watu, vyakula, mitaa, na misikiti kwa ndani. Muuzaji mmoja Kariakoo ameniambia hii 18-55 ni ya kujifunzia, nichukue 75-300 iliyotumika kwa laki tatu na nusu, kwamba safarini lazima uwe na lenzi ya kuvuta. Rafiki yangu yeye anasema 50 f/1.8. Kinachoniuma zaidi ni picha za usiku za harusi ya dada yangu: zote zilitoka zimetikisika, ingawa lenzi imeandikwa IS na ISO niliweka 800 kama nilivyofundishwa. Ninunue ipi?"

Marahaba, binti yangu. Umeniletea maswali mawili kwenye kitambaa kimoja: lenzi gani ya kusafiri nayo, na kwa nini picha za harusi ziliharibika. Nitaanza na la harusi, kwa sababu jibu la lenzi limejificha humo. Na nakuomba usirudi Kariakoo na pesa mfukoni kabla hujamaliza kusoma.

Ndani ya kamera yako kuna pazia dogo, shata, linalofunguka na kufunga. Mchana wa jua la Dar hufunguka kwa muda mfupi mno, sehemu moja ya elfu ya sekunde au pungufu, na kila kitu kinaganda. Ukumbini usiku mwanga ni haba, kwa hiyo kamera huliacha pazia wazi kwa muda mrefu zaidi ili picha isitoke nyeusi. Ukifungua taarifa za picha zile kwenye simu au kompyuta, utakuta muda wa shata ni kama 1/15 ya sekunde. Katika muda huo bibi harusi ameshageuza shingo, na mama amenyanyua mkono kupiga kigelegele. Lenzi haina kosa hapo. Imeandika kwa uaminifu kila mwendo uliotokea pazia likiwa wazi.

Sasa hiyo IS. Wengi wanaielewa vibaya, na wauzaji hawawasaidii. Kazi yake ni kutuliza mtikisiko wa mikono yako. Haina uwezo wowote juu ya mwendo wa mtu unayempiga. Istanbul kuna hifadhi ya maji ya chini ya ardhi ya enzi za Mfalme Justinian, karne ya 6, inaitwa Yerebatan. Ina nguzo 336 na mwanga hafifu sana. Pale IS itakufaa kwelikweli: unaweza kupiga kwa 1/8 ya sekunde bila stendi na nguzo zikatoka zimenyooka, maana nguzo haziendi popote. Lakini shangazi akipita kati ya nguzo hizo, atatoka kama moshi. Dawa ya mtu anayetembea ni moja tu, kufupisha muda wa shata, na ili kuufupisha unahitaji mwanga mwingi zaidi uingie, au sensa, kile kibamba cha ndani kinachopokea picha, iukuze mwanga uliopo.

Hili la pili ndiyo ISO, na halikugharimu hata senti. Ushauri kwamba ukizidi 800 picha inaharibika ulikuwa na maana kwenye kamera za zamani. 250D ilitoka 2019 na inafika ISO 25600. Siwashauri watu kufika huko juu, ila 3200 ni ya kutumia bila hofu, na 6400 inavumilika. Kutoka 800 kwenda 3200 ni kuongeza mara nne, kwa hiyo ile 1/15 inakuwa 1/60, na mtu aliyesimama akizungumza anatoka vizuri. Utaona chenga kidogo kwenye vivuli. Picha yenye chenga unaichapa na kuitundika sebuleni, iliyotikisika haina tiba. Fanya jaribio hilo leo usiku hapo nyumbani, kabla ya jambo lolote.

Njia ya kwanza, ya kuingiza mwanga zaidi, ndiyo inayotupeleka kwenye lenzi. Namba ile ya f/ inawatisha watu bure. Ni hesabu ya kugawanya: chukua milimita za lenzi (ndizo zile 18, 55 au 300 za kwenye jina lake; ndogo inaona pana, kubwa inavuta), gawanya kwa namba hiyo, unapata upana wa tundu linalopitisha mwanga. Lenzi yako ikiwa kwenye 55 na f/5.6, tundu halifiki milimita 10. Lenzi ya 50 yenye f/2.8 ina tundu la karibu milimita 18, na 50 ya f/1.8 karibu milimita 28. Ni kama ndoo moja na mabomba matatu: bomba likiwa nene, ndoo inajaa upesi. Kutoka f/5.6 hadi f/2.8 ni mwanga mara nne, na hadi f/1.8 ni mara tisa na ushei. Ukiunganisha f/2.8 na ISO 3200, ile picha ya 1/15 uliyoipiga harusini kwa f/5.6 ingepigwa kwa karibu 1/240. Hapo hata anayecheza anaganda.

Katika safari yako jambo hili lina uzito wa pekee. Istanbul inatumia saa sawa na zetu, lakini katikati ya Desemba jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kama dakika ishirini kabla ya saa kumi na mbili jioni. Mchana huo mfupi ndio shangazi atakuwa madukani akihesabu madazeni, na wewe pembeni yake. Picha zako nyingi za siku sita za kwanza utazipiga ndani ya maduka au baada ya giza kuingia. Lenzi unayoihitaji ni ile inayoona kwenye mwanga hafifu, kutoka karibu.

Ndiyo maana siafikiani na yule muuzaji. Sisemi alitaka kukuibia. Wateja wengi wakisikia lenzi nzuri wanafikiria inayovuta, naye anauza kinachoulizwa. Ila tupime kwa hatua za miguu. Sensa ya kamera yako ina milimita 22.3 kwa 14.9. Ukitaka mtu mzima aingie wima, kilemba hadi viatu na nafasi kidogo juu na chini, kwa lenzi ya 75 inabidi usimame zaidi ya mita sita kutoka kwake. Kwa 300, mita 25. Utazipata wapi mita sita ndani ya duka la jumla la Laleli, au kwenye vichochoro vya Kapalıçarşı, lile soko kubwa la zamani lililoezekwa, ambako watu wanapishana mabega? Tena 75-300 hiyo haishiki fokasi kwa kitu kilicho karibu zaidi ya mita moja na nusu. Ule mkate uliotiwa samaki wanaouuza Eminönü, hukohuko Istanbul, itabidi uuweke mezani uondoke ukaupige kutoka meza ya pili. Tundu lake linaishia f/5.6 kwenye 300, na haina kidhibiti mtikisiko. Ungekuwa unakwenda Mikumi kutafuta simba ningeongea vingine, na hata huko ningekuchagulia 55-250 IS STM badala yake.

Rafiki yako na 50 f/1.8 amekaribia ukweli zaidi. Ni lenzi ninayoipenda kwa dhati, ina gramu 160 hivi, na kwa picha ya uso wa mtu hakuna kinachoishinda kwa bei yake. Utasimama mita moja na theluthi, umpate shangazi kichwa na mabega, na nyuma yake taa zote za duka ziyeyuke kuwa duara laini. Tatizo ni pale unapotaka zaidi ya uso. Kwa kamera yako mtu mzima wima anadai mita nne na robo. Na msikiti ndio kabisa. Chukua Süleymaniye, kazi ya msanifu Mimar Sinan iliyokamilika 1557. Kuba lake lina upana wa mita zipatazo 26, na kilele chake kiko mita 53 kutoka sakafuni. Ukisimama chini yake ukaelekeza kamera juu, lenzi ya 50 itakupa kipande cha mita kama 23 kwa 15. Kuba halimo. Lenzi ya 24 inaliingiza karibu lote, na ya 18 inaliingiza pamoja na madirisha yanayolizunguka. Ukienda na 50 peke yake utarudi na nyuso nzuri sana, na hakuna atakayejua zilipigwa wapi. Inunue ukirudi.

Ipo 24 f/2.8 STM, nyembamba kama biskuti, gramu 125, inashika fokasi hadi sentimita 16. Mtu mzima anaingia kwa mita mbili tu. Kwa anayetembea na mkoba mdogo na hapendi kutazamwa, ni lenzi ya heshima, na iko ndani ya bajeti yako. Sababu iliyonifanya nisiikuchagulie ni kwamba mwanga wake ni kama mara mbili tu ya ule wa 18-55 yako ukiiweka kwenye 24 hiyo hiyo. Tena haina IS, na ukitaka uso wa mtu ujae, inakubidi umsogelee hadi pua yake ionekane kubwa kuliko ilivyo. Shangazi hatakusamehe.

Kwa safari hii ningenunua lenzi ya 17-50 yenye f/2.8 mwanzo hadi mwisho. Sigma waliitoa moja, 17-50mm f/2.8 EX DC OS HSM, na herufi OS ndiyo IS ya kwao. Tamron nao walitoa 17-50 f/2.8 za aina mbili, yenye kidhibiti mtikisiko imeandikwa VC. Upana wake unakuwa ule ule uliouzoea, kutoka kuba la msikiti hadi uso wa mtu, ila lile bomba linabaki nene hata ukivuta hadi 50. Mpya itazidi pesa yako. Iliyotumika, ukiitafuta kwa subira, inaweza kuangukia kwenye laki sita au karibu na hapo. Ubaya wake nakwambia mapema: ile ya Sigma ina gramu 565, na 18-55 yako ina 215. Pamoja na kamera ni kilo moja shingoni siku nzima, na wewe una mifuko ya nguo mikononi. Kama mgongo au shingo inakusumbua, hili si dogo, lipime kwa kuibeba dukani nusu saa kabla ya kulipa.

Ukipata moja, usiikubali kwa macho ya nje tu. Sisi wa pwani tuna adui anayeitwa kuvu. Lenzi iliyokaa kabatini Dar, Tanga au Unguja kwa miaka bila kutumika huota nyuzi nyembamba kama utando wa buibui kwenye vioo vya ndani, na hazionekani kwa kuitazama hivi hivi. Zima taa, washa tochi ya simu upande mmoja wa lenzi, chungulia upande wa pili ukiigeuzageuza. Vumbi kidogo lisikutishe, lenzi zote zina vumbi. Nyuzi au mabaka ya ukungu, mrudishie mwenyewe kwa adabu uondoke. Miaka mingi iliyopita nililipia lenzi bila kufanya hivyo, nikaja kugundua siku ya kazi ya mteja kwamba kila taa ilikuwa na wingu. Kuisafisha kuligharimu karibu nusu ya bei yake.

Kisha iweke kwenye kamera yako mwenyewe. Hakikisha ni ya mlango wa EF au EF-S, yenye alama ya nukta nyekundu au kimraba cheupe. Tangu 2018 Canon wanatengeneza pia lenzi za RF kwa kamera zisizo na kioo cha ndani, na hizo haziingii kwenye 250D kwa njia yoyote. Nimeona watu wakinunua 50 f/1.8 ya RF kwa kudhani ni ile ile, maana jina linafanana. Baada ya hapo weka f/2.8, vuta hadi 50, piga maandishi ya boksi mara tano kwa kuchungulia kwenye kitundu, kisha mara tano kwa kutumia kioo cha nyuma. Kuza picha uzilinganishe. Zikiwa kali kwa kioo cha nyuma lakini hafifu kwa kitundu, lenzi hiyo haipatani na mfumo wa fokasi wa kamera yako, na 250D haina sehemu kwenye menyu ya kurekebisha hilo. Hapo ni kazi ya fundi kamera mwenye vifaa vya kupimia, ana kwa ana. Mpelekee pia ukisikia zumu inakwaruza kama ina mchanga, au ukiona mafuta kwenye vile vibati vidogo vya tundu. Akikuambia gharama inazidi robo ya bei ya lenzi, achana nayo.

Na kama wiki mbili kabla ya safari hujapata nzima, nenda na 18-55 yako. Nasema hivi kwa moyo mweupe. Hiyo si lenzi ya kujifunzia. Ni lenzi nyepesi, kali ya kutosha, yenye IS, ambayo udhaifu wake ni mmoja tu, tundu dogo ukivuta. Ukijua hivyo unaizunguka: giza likiingia kaa kwenye 18 hadi 24 ambako tundu lake ni pana zaidi, sogea kwa miguu badala ya kuvuta, panda ISO 3200 au 6400. Ile laki sita toa kidogo ununue betri ya pili, LP-E17, maana ukipiga kwa kutazama kioo cha nyuma betri moja hutoa picha mia tatu hivi tu. Betri za akiba zisafiri kwenye begi la mkononi, kamwe usiziweke kwenye mzigo unaokwenda tumboni mwa ndege. Zinazobaki rudisha benki. Usipange kununua lenzi hukohuko. Ni kweli Sirkeci kuna maduka mengi ya kamera, Hayyam Pasajı ndiyo maarufu, lakini ukikuta kasoro siku ya nane huna muda wa kuirudisha.

Lenzi yoyote utakayoshika, ipeleke mazoezini Jumamosi mbili. Nenda Feri saa kumi na mbili jioni, panda pantoni ya Kigamboni uende na kurudi, upige abiria, wauza karanga, taa za majini. Vivuko vya Bosphorus, ule mlango wa bahari unaopita katikati ya Istanbul, havina mwanga tofauti sana na huo, na huko jioni huchelewa kidogo kumezwa na giza jua likishazama kuliko kwetu, kwa hiyo utakuwa na nusu saa nzuri ya anga la buluu. Rudi nyumbani usome taarifa za picha zako: milimita gani umetumia zaidi, shata ilikuwa ngapi zile zilizotikisika. Ukikuta karibu zote ziko kati ya 20 na 30, nimekosea juu yako, na ile 24 nyembamba ndiyo yako. Nitumie ujumbe nijue.

Misikitini usitegemee stendi wala flashi, na anayeswali usimwelekezee kamera. Mwisho, baridi. Ukitoka nje kwenye nyuzi joto tano ukaingia dukani penye joto, lenzi itafunikwa na unyevu papo hapo. Weka kamera kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu ukiwa bado nje, ufunge, uingie nayo, uiache humo dakika ishirini mnywe chai kwanza na shangazi. Usiifute kwa kanga.